Ndege Iliyoruka kwa Bahati Miaka Ishirini

"Mjomba shikamoo. Hivi ile ndege ya kutua majini kwenye San Andreas ilikuwepo kweli, au mlikuwa mnatupiga fiksi? Kwangu haipo."

Ujumbe ulitoka kwa mpwa wangu, yuko kidato cha tatu, na mchezo wenyewe, GTA: San Andreas, umemzidi umri. Marahaba, nikamjibu, ndege ipo, inaitwa Skimmer, nenda pwani uitafute. Akaenda, hakuiona. Akatafuta programu ya kuita chombo chochote unachokitaka, akaiita kwa nguvu, na hapo mambo yakaharibika kabisa. CJ, mhusika mkuu wa mchezo, alifyatuka kwenda juu, jiji likapotea, mawingu yakapotea, ikabaki rangi ya anga tupu na kijana wa Grove Street anayeelea pasipo juu wala chini. Mpwa alinitumia picha ya skrini na alama tano za kuuliza.

Kwa mazoea ya mitaani kwetu, wa kwanza kushukiwa ni nakala. Utasikia "hiyo umewekewa mbovu", futa, weka nyingine. Lakini nakala yake ilikuwa nzima, na hata ningempa yangu ingekuwa vilevile. Kilichobadilika ni Windows. Laptopu yake ilikuwa imepokea toleo la Windows 11 linaloitwa 24H2, lililotoka mwishoni mwa 2024, na tangu hapo Skimmer ikawa imetoweka kwa kila aliyesasisha, awe Tandika au Tokyo.

Aliyefumbua fumbo hilo ni mtu anayejulikana mtandaoni kwa jina la Silent, ambaye kwa miaka mingi ametengeneza viraka vya GTA za zamani chini ya jina SilentPatch. Maelezo yake aliyatoa Aprili 2025, na nitayarudia kwa kirefu kidogo, maana sijawahi kukutana na kisa kinachoonyesha vizuri zaidi michezo ya zamani huwa inaumwa nini.

Ndani ya San Andreas kuna faili la maandishi linaloitwa vehicles.ide. Unaweza kulifungua kwa Notepad ukalisoma kama orodha ya bei. Kila chombo kina mstari wake: namba, jina, aina yake, namna kinavyoendeshwa, na mwishoni kabisa namba zinazohusu magurudumu, ikiwamo ukubwa wa gurudumu la mbele na la nyuma. Namba 459 ni kigari kiitwacho topfun. Namba 460 ni Skimmer. Katika Vice City, mchezo uliotangulia, Skimmer ilihesabiwa kuwa mashua, na kwa kuwa mashua haina magurudumu mstari wake uliishia mapema. Wakati wa kutengeneza San Andreas mtu fulani akaiandika upya kuwa ndege. Namba za magurudumu hakuziongeza.

Sasa, mchezo unaposoma mstari pungufu haulalamiki. Namba zilizokosekana unazichukua palepale kwenye memori ambapo zingepaswa kukaa, kwa maana kwamba unachukua chochote kilichopo. Na kilichokuwepo ni mabaki ya mstari uliosomwa muda mfupi kabla, yaani ule wa topfun. Kwa hiyo tangu siku mchezo ulipotoka, Skimmer ilikuwa inaruka na vipimo vya magurudumu ya kigari cha jirani yake kwenye orodha! Hakuna aliyejua kwa sababu ilifanya kazi. Kati ya mstari mmoja na mwingine Windows nayo ilikuwa inaitwa ifanye shughuli zake ndogondogo, ikitumia eneo hilohilo la memori, ila kwa miaka ishirini haikuwahi kufika pale mabaki yalipolala. Katika 24H2 shughuli mojawapo ya ndani ikaandikwa upya, ikahitaji nafasi kubwa kidogo, na mabaki yakafutwa. Ukubwa wa gurudumu ukawa tarakimu ya ajabu, hesabu ya kuiweka ndege juu ya ardhi ikaenda mrama, na CJ akaenda zake.

Dawa ni kuzijaza namba zilizosahaulika. Unaongeza vipande vichache mwishoni mwa mstari wa 460, unahifadhi, ndege inarudi. Au unaweka SilentPatch inayolishughulikia hilo pamoja na mengine mengi. Mpwa alichagua njia ya kwanza baada ya kumsimamia, na nadhani alifurahia zaidi kugundua kwamba faili la mchezo linafunguka kuliko kuiona ndege yenyewe.

Mafundi wenzangu wana msemo wao kwamba Windows mpya inaua michezo ya zamani. Siukubali. Michezo mingi ilitoka kiwandani ikiwa mbovu, ikasimama kwa sababu ilikuwa imeegemea kitu kisicho chake, mithili ya kibanda kilichojengwa kwa kuegemea ukuta wa jirani. Jirani akibomoa ukuta wake, na ana haki, kibanda kinalala chini. Ukishaliona hivi, kazi ya kufufua mchezo inabadilika. Unaacha kuuliza "nibonyeze wapi" na kuanza kuuliza ulikuwa umeegemea nini.

Wapo waliowahi kuushikilia ukuta kwa makusudi. Joel Spolsky, aliyewahi kufanya kazi Microsoft, aliandika mwaka 2004 kuhusu SimCity na Windows 95. SimCity ya DOS, mfumo uliotangulia Windows, ilikuwa na tabia ya kurudisha kipande cha memori kwa mfumo na kisha kukisoma tena mara moja, kosa ambalo kwenye DOS halikuwa na madhara kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa akikihitaji. Kwenye Windows ingeanguka. Badala ya kuiacha ianguke, waandishi wa Windows 95 waliweka maagizo maalumu: kama inayoendeshwa ni SimCity, usikichukue kipande cha memori upesi baada ya kurudishiwa. Mfumo mzima wa kompyuta unabeba aya ya siri kwa ajili ya mchezo mmoja wa kujenga miji. Sababu yao ilikuwa ya kibiashara, kwani mtu aliyenunua SimCity akaona haiendi angeilaumu Windows, si SimCity. Siku hizi hesabu hiyo haifanywi sana, maana mteja mwenye mchezo wa mwaka 1995 si mteja wa kumkimbilia.

Kasi nayo ni ukuta. Michezo mingi ya miaka ya 1980 haikuwa inatazama saa. Mwandishi aliagiza: sogeza adui, chora, rudia. Kompyuta iliyokuwa mezani pake ilikuwa na mwendo wake, na huo ndio ukawa mwendo wa mchezo. Ilipokuja mashine yenye kasi mara mbili, adui naye akakimbia mara mbili. Ndiyo maana maboksi ya zamani yalikuwa na kitufe cha TURBO, ambacho pamoja na jina lake la kujisifu kazi yake ya maana ilikuwa kuipunguza kompyuta mwendo. Tuliokulia kwenye mashine za mitumba tulikibonyeza sana, tukasubiri kitu kitokee.

Wahanga wa ajabu kuliko wote ni programu nyingi zilizoandikwa kwa Turbo Pascal, lugha ya kuandikia programu ya kampuni ya Borland. Programu ya aina hiyo, ikianza tu, hujipima: inahesabu mizunguko mingapi inaingia ndani ya mdundo mmoja wa saa ya kompyuta, kama milisekunde 55, kisha inagawanya ili ijue milisekunde moja ni mizunguko mingapi. Jibu lilitengewa chumba cha biti 16, mwisho 65,535. Prosesa zilipofika megahezi 200 hivi, jibu likakataa kuenea. Prosesa inapiga kelele, programu inakufa kabla haijachora chochote, na ujumbe unaobaki ni kosa namba 200, kugawanya kwa sifuri. Hakuna aliyegawanya kwa sifuri. Mashine imekuwa na mbio mno tu, na ujumbe umekosa maneno ya kulisema hilo.

Kwa michezo ya DOS tiba inajulikana, DOSBox. Ilianza kutolewa mwaka 2002 na hadi leo ni bure. Inachofanya si kuishawishi Windows ikubali mchezo. Inajenga kompyuta nzima ya kubuni ndani ya dirisha, yenye prosesa yake, kadi yake ya sauti ya Sound Blaster, skrini yake ya VGA, na muhimu zaidi kasi yake. Mchezo ukikimbia mno unabonyeza Ctrl na F11, unapungua. Ukizembea, Ctrl na F12. Amri ya kwanza utakayoihitaji ni mount, ya kuiambia kompyuta hiyo ya kubuni kwamba folda yako fulani ndiyo diski yake ya C. Wapo wanaokwama hapo wakaiona ngumu. Ni mstari mmoja, uandike kwenye karatasi ubandike ukutani.

Nilianza na Prince of Persia, toleo la DOS la 1990, na nikashangaa kukuta hata maumivu yamehifadhiwa. Baada ya hatua ya kwanza unaingia chumba chenye chupa za dawa, kila chupa na herufi yake, na mchezo unakuagiza unywe herufi ya kwanza ya neno fulani, mstari fulani, ukurasa fulani wa kitabu cha maelezo. Mwenye kitabu anafungua, anasoma, anakunywa, anapita. Sisi kitabu hatukuwahi kukiona. Flopi ilifika nyumbani peke yake, haina hata karatasi. Kaka yangu alikuwa na daftari ambamo aliandika kila swali na kila herufi iliyomuua, akitarajia siku moja atabaki na herufi sahihi tupu. DOSBox iliponiletea chumba kilekile nilitamani daftari hilo kuliko kitu chochote. Mwenye haraka kuna SDLPoP, toleo lililojengwa upya na mashabiki kwa kuuchambua mchezo wa DOS kipande kwa kipande, linalokwenda kwenye Windows ya leo bila DOSBox. Na mwenyewe Jordan Mechner, aliyeuandika kwa ajili ya Apple II na kuutoa 1989, alipata bahati mwaka 2012 pale baba yake alipokuta boksi la diski za zamani ndani ya kabati, zikiwa na msimbo wote wa mwanzo. Zilisomeka, naye akauweka wazi kwa kila mtu.

Windows yenyewe, yaani michezo ya kuanzia 1995 hivi, ndiko kwenye usumbufu hasa, kwa sababu hapo hakuna DOSBox ya kubonyeza na kumaliza. Lalamiko la kawaida linakuja hivi: nimeweka CD, nimebofya, naambiwa programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yako. Sababu ni kwamba Windows za biti 64 (biti hapa ni kipimo cha ukubwa wa namba ambazo prosesa inazimeza kwa mkupuo) haziendeshi kabisa programu za biti 16, na Windows 11 haina toleo jingine zaidi ya la biti 64. Watu wengi wanakata tamaa hapo. Lakini tazama vizuri: mara nyingi mchezo wenyewe ni wa biti 32, mzima wa afya, na kilichokataliwa ni programu ya kuusakinisha tu, kwa kuwa makampuni yaliendelea kutumia visakinishi vya biti 16 hata baada ya michezo yao kuhama. Bawabu amekufa, mwenye nyumba yupo ndani anasubiri. Microsoft walilijua hilo, wakaweka ndani ya Windows vibadala vya visakinishi vichache vilivyokuwa maarufu. Kama chako hakimo, nakili folda ya mchezo kutoka kwenye CD kwa mkono uone kama utafunguka. Mingi inafunguka. Isipofunguka, kuna winevdm, ambayo huziwezesha programu za Windows za biti 16 kuishi ndani ya Windows ya 64.

Hiki ndicho kilinipeleka kwa jirani yetu mmoja, karani mstaafu, ambaye shida yake ilikuwa moja tu. "Mwanangu," aliniambia, "mimi sitaki mengi. Nirudishie gololi yangu." Alimaanisha ile Pinball iliyokuja na Windows XP, meza ya anga za juu, 3D Pinball Space Cadet, ambayo ofisini kwao ilikuwa inashindaniwa mchana kweupe mafaili yakisubiri. Amenunuliwa laptopu mpya na wanawe, kaitafuta kila kona, haimo.

Haimo, na kisa chake kimeelezwa hadharani na Raymond Chen wa Microsoft. Mchezo uliandikwa na kampuni ya nje, Cinematronics. Wakati wa kuihamishia Windows kwenye biti 64, Pinball ilipata ugonjwa wa ajabu. Hesabu za mgongano zilikataa, gololi haikugongana na kitu. Ukianza mchezo inafika kwenye fimbo ya kurushia, inapenya taratibu, inaporomoka hadi chini ya meza, mwisho wa mchezo. Chen na mwenzake waliufungua msimbo wakakuta karibu hauna maelezo hata mstari mmoja, na wao walikuwa na mamilioni ya mistari mingine ya kuhamisha. Wakaiondoa. Kabla ya hapo ilikuwa na tatizo jingine la kuchekesha: haikuwekewa kikomo cha kuchora, kwa hiyo kadiri kompyuta zilivyokuwa na nguvu ndivyo ilivyochora picha nyingi zaidi kwa sekunde, ikala prosesa yote kwa ajili ya gololi moja. Chen aliiwekea mpaka wa picha 100 kwa sekunde.

Inayoumwa, hata hivyo, ni ile waliyojaribu kuihamishia biti 64. Ya XP ni ya biti 32 na haina neno. Nilikwenda kwenye duka la steshenari la rafiki yangu, ambako kuna mashine ya XP inayoishi chini ya meza kwa sababu printa moja haikubali nyingine, nikaingia Program Files, Windows NT, Pinball, nikaichukua folda nzima kwenye flashi. Flashi iliyotoka kwenye mashine kama ile usiichomeke kokote kabla ya kuichunguza, ina virusi vya enzi za Kikwete. Baada ya kuisafisha, nikaiweka folda kwenye laptopu ya Windows 11, nikabofya PINBALL.EXE mara mbili. Ikafunguka na muziki wake. Sikuisakinisha, sikugusa mpangilio wowote.

Mzee aliweka kidole kimoja kwenye Z na kingine kwenye alama ya mkwaju bila kuulizia vitufe viko wapi. Alicheza dakika kadhaa kimyakimya, akaisukuma meza mno kwa X ikamwandikia TILT, akanigeukia kwa hasira kana kwamba mimi ndiye niliyemwadhibu. Sikumwambia kwamba ukiandika "hidden test" meza ikiwa wazi unaweza kuiburuta gololi kwa mausi popote upendapo. Alama zake za kustaafu ni zake, asije akazitilia shaka. Mpwa naye nimemwekea toleo jingine, lililotolewa mwaka 2021 na mtu aliyeufumua mchezo huo na kuurudisha kuwa msimbo unaosomeka. Hilo linakwenda hata kwenye Linux, mfumo wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows.

Rangi nitazipitia haraka. Waliocheza Age of Empires II ya 1999 kwenye Windows 7 wanakumbuka majani mekundu na maji ya zambarau. Mchezo ulitumia jedwali la rangi 256 na kuamini kwamba jedwali ni lake peke yake. Windows Explorer, iliyokuwa nyuma ikichora vitu vyake, iliamini hivyohivyo. Tiba ya mtaani ilikuwa kuiua Explorer kwanza, kucheza, kisha kuifufua. Leo hakuna haja. Faili la cnc-ddraw ukilitia kwenye folda ya mchezo linajibu maombi hayo ya kale na kuyatafsiri kwa kadi ya kisasa, na kwa michezo ya 3D ya miaka ile dgVoodoo 2 inafanya hivyo kwa upana zaidi, hadi ile iliyoandikiwa kadi za 3dfx, kampuni ambayo Nvidia waliinunua mali zake mwishoni mwa 2000.

Ninapotaka kukaa zaidi ni kwenye kufuli. Michezo ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000 ilifungwa kwa kinga za kunakili kama SafeDisc, zilizohakikisha CD halisi imo ndani ya kompyuta. Ili kuhakikisha, SafeDisc ilikuwa na draiva yake iliyozama ndani kabisa ya Windows, secdrv.sys. Draiva hiyo ilikuwa na udhaifu wa kiusalama, na mwaka 2015 Microsoft waliiacha nje ya Windows 10, halafu Septemba mwaka huohuo wakaizima kwenye Windows za nyuma kwa sasisho. Walifanya vizuri, mlango ule haukufaa kuachwa wazi. Lakini angalia nani aliumia. Mtu wa London aliyelipa pesa halali, mwenye CD ya asili ndani ya boksi lake na kitabu chake, ndiye ambaye mchezo wake ulikufa. Aliyenunua CD ya kuchoma Kariakoo, ambayo kufuli lilishang'olewa na wahuni wa Ulaya kabla haijafika kwetu, yeye hakuguswa. Yake inafunguka mpaka leo.

Sisemi uharamia ni jambo jema. Nasema kilichotokea. Na makampuni yenyewe yanalijua: mwaka 2010 watu walikuta ndani ya mchezo wa Max Payne 2, nakala iliyokuwa ikiuzwa kihalali kwenye Steam, duka la michezo la mtandaoni, alama ya kikundi cha maharamia cha Myth. Ilipofika wakati wa kuuza tena mchezo bila CD, kufuli halikung'olewa upya kiwandani, ila ilichukuliwa kazi ya waliolivunja. Sipati picha kikao kilichoamua hilo kilikuwaje.

Wapolandi walilifanyia kazi jambo hili kwa uwazi zaidi. CD Projekt ilianza Warsaw mwaka 1994, katika nchi ambayo masoko yake yalijaa nakala za wizi kama yetu, na mwaka 2008 ikaanzisha GOG, duka la michezo ya zamani iliyokwisha rekebishwa, isiyo na kufuli lolote. Ukinunua mchezo wa DOS pale unaupata ukiwa umefungashwa pamoja na DOSBox iliyopangwa tayari. Mtu akiniuliza njia isiyo na maumivu, namtuma huko na kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, asubiri punguzo.

Tatizo ni kwamba michezo mingi haiko pale wala kwingine. Mwaka 2023 Video Game History Foundation walichapisha utafiti wa michezo ya zamani iliyotoka Marekani, wakakuta asilimia 87 haipatikani madukani kwa njia yoyote halali. Haki zimegawanyika, kampuni zimeuzwa, mikataba imepotea. Inayobaki hai inabaki kwa mikono ya watu ambao si yao. Ludvig Strigeus wa Sweden alikuwa mmoja wa walioanzisha ScummVM mwaka 2001, programu inayoendesha michezo ya LucasArts na mingine mingi ya visa vya kubofya. Mwaka 2004 akatoa OpenTTD, iliyojenga upya Transport Tycoon Deluxe, mchezo wa kuendesha kampuni ya usafiri. Baadaye akaandika µTorrent, ambayo bila shaka imewahi kukaa kwenye kompyuta yako ikipakua filamu usiku kucha kwa bando la usiku, na kisha akawa miongoni mwa waliojenga Spotify. Nadhani ni mtu mmoja tu duniani aliyesaidia kuokoa michezo, kurahisisha uharamia, na kisha kuusaidia muziki upunguze uharamia huohuo.

Kichekesho kingine ni kwamba baadhi ya michezo ya Windows ya zamani inakwenda vizuri zaidi kwenye Linux kuliko kwenye Windows. Wine, mradi ulioanza 1993 na kufikisha toleo 1.0 mwaka 2008, hujibu maombi ya programu za Windows kwa niaba ya Windows, na haikuwahi kutupa uwezo wa biti 16. Valve, wenye Steam, waliuchukua wakautengeneza kuwa Proton mwaka 2018, na ndio unaoendesha michezo ya Windows kwenye Steam Deck, mashine yao ya michezo ya kushika mkononi. Kama una laptopu kuukuu iliyokataliwa na Windows 11, usiiuze kwa bei ya chakavu. Iwekee Linux iwe mashine ya michezo ya zamani.

Na CD zako zitoe kabatini mwezi huu. Zile za kuchoma zinakufa mapema kuliko za kiwandani, kwa sababu rangi inayobeba data inafifia kwa joto na mwanga, na joto tunalo. Nunua kisomeo cha CD cha kuchomeka kwenye USB, kila diski itengenezee faili la ISO, yaani nakala ya diski ndani ya faili moja, ambalo Windows tangu toleo la 8 inalifungua kwa kubofya tu. Michezo kama Quake ya 1996 ina muziki uliorekodiwa kwenye CD kama nyimbo za kawaida, na ISO inauacha nje. Hiyo itengenezee jozi ya mafaili ya BIN na CUE, yanayobeba na muziki. Weka nakala sehemu mbili, moja isiwe nyumbani. Kama muda ni mdogo, zile zenye boksi na hologramu zisubiri. Anza na ile iliyoandikwa juu kwa makapeni, GTA + FIFA 99 + ANTIVIRUS.